Nimeambiwa gego ling'olewe kwa kuwa "mfupa umeisha" kwenye OPG. Picha moja inatosha kuamua?

#1 Nyumba_Sita (Jumanne, saa 2:14 usiku)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 41. Gego la chini kushoto, lile la kwanza (kwenye karatasi limeandikwa 36), mwezi wa nne huu fizi yake inavimba, inatulia, inavimba tena. Maumivu si makali. Nikipiga mswaki natema damu. Nikitafuna nyama jino linazama kidogo halafu linarudi.

Kliniki ya kwanza nikapigwa OPG, ile unasimama unang'ata kijiti na mashine inakuzunguka kichwa. Daktari akaifungua kwenye kompyuta, akaonyesha kwa ncha ya kalamu: "Mfupa umeisha hapa, tung'oe." Dakika tano. Nikaomba nikajifikirie. Kliniki ya pili daktari akaitazama OPG ile ile, akasema hasemi kitu mpaka nikapige picha ya 3D, CBCT, laki mbili na ushee.

Sasa mmoja picha moja imemtosha, mwingine haimtoshi kabisa. Nani yuko sahihi? Na hakuna hata mmoja aliyegusa fizi yangu kwa kifaa chochote, hilo nalo ni kawaida?

Nimeweka OPG hapo chini, nimeipiga kwa simu kwenye skrini, samahani kwa ubora.

#2 Mshikaki Mbichi

Ng'oa mkuu. Mimi niling'oa mawili na mahindi ya kuchoma nakula kama kawaida.

#3 MamaJunior_Tegeta

Pole sana kaka. Sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, na karafuu ukiweka pale inatuliza. Ila usikimbilie kung'oa, gego likitoka la juu yake linaanza kushuka. Mama yangu limemtokea hilo.

#4 DaktariWaMagego

Nyumba_Sita, pole. Mimi ni daktari wa kinywa na meno. Sitasema ng'oa wala using'oe, maana picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haisomeki, na mdomo wako sijauona. Lakini hili la picha ngoja nilieleze, kwa sababu wagonjwa wengi wanachanganywa hapa.

Eksirei ni kivuli. Chomeka mwanzi uani: saa sita mchana kivuli chake ni kifupi, saa kumi na moja jioni kimeshavuka ukuta wa jirani, na mwanzi ni ule ule. Jino na mfupa wake ni hivyo hivyo. Mdomo wa mashine ukiinamishwa vibaya, ukingo wa mfupa unaonekana uko juu au chini kuliko ulipo. Ndiyo maana picha ndogo ya gego, ile tunayoiita PA, ikipigwa vizuri inapigwa kwa kishikizi: kihisi (kile kibao kinachopokea picha mdomoni) kinakaa sambamba na jino, mwale unakuja kuligonga jino kwa pembemraba. Ukiona mtu anakuambia ushikilie filamu kwa kidole huku anakadiria pembe kwa macho, picha itatoka, jino utaliona, ila milimita za mfupa usizitegemee sana.

Jambo la pili ndilo linalosahaulika. Gego ni nene. Mfupa unalizunguka pande zote, lakini picha ya kawaida inalaza yote kwenye ubao mmoja. Mfupa ulio upande wa shavu na ulio upande wa ulimi unajificha nyuma ya jino lenyewe, kama mtu aliyesimama nyuma ya mbuyu. Unachokiona kwa uhakika ni mfupa ulio kati ya jino na jino. Ukuta wa upande wa shavu unaweza kuwa umeliwa wote na picha ikatoka safi.

Tena mfupa lazima upoteze madini mengi, vitabu vinataja kati ya asilimia 30 na 50, ndipo macho yaone tofauti kwenye picha. Kwa hiyo picha mara nyingi inapunguza ukubwa wa tatizo kuliko kuliongeza.

Sasa OPG yako. Simtukani mwenzangu aliyeipiga. OPG inaonyesha taya zote mbili kwa mara moja na ni nzuri kwa kuanzia. Lakini inakuza vitu, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 30, na haikuzi sawasawa kila mahali, kwa hiyo ukichukua rula ukapima mfupa juu yake unajidanganya. Kwa meno ya mbele ni mbaya zaidi kwa sababu kivuli cha uti wa shingo kinaangukia hapo. Kwa magego ya chini ina nafuu.

Na swali lako la mwisho ndilo la kwanza kwangu. Hapana, si kawaida. Kabla ya kuzungumzia mfupa wa gego, probu iingie kwenye fizi. Ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Kinapitishwa sehemu sita kuzunguka jino. Milimita 1 hadi 3 ni afya. Kuanzia 4 tunaanza kuzungumza.

#5 Nyumba_Sita

Dokta asante sana. Kwa hiyo 3D si ndiyo jibu? Haina mambo ya kivuli.

#6 Bwana Mionzi

Niingilie hapo, mimi ni mtu wa chumba cha picha.

CBCT inazunguka kichwa na kompyuta inajenga umbo zima, unakata vipande unavyotaka kama mkate. Ukuta wa shavu unauona, wa ulimi unauona, mizizi mitatu ya gego la juu unaitenganisha. Sikatai, ni mashine nzuri.

Lakini angalia vitu vitatu. Mosi, mionzi. Picha ndogo ya jino moja kwa kawaida haifiki maikrosiveti 10 (ndicho kipimo cha mionzi). OPG inakwenda mpaka ishirini na kitu. CBCT inategemea mashine na ukubwa wa eneo: kuna makumi, kuna mamia, na zile za kichwa kizima zinafika hata elfu moja. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na kwenye chakula ni wastani wa maikrosiveti 2400 kwa mwaka duniani, yaani sita au saba kwa siku. Picha ndogo moja ni kama siku moja ya kuishi tu. CBCT kubwa ni miezi.

Pili, chuma. Ukiwa na kofia ya chuma kwenye jino au risasi ya zamani (ile ziba ya rangi ya fedha), inatoa michirizi myeupe na myeusi, na michirizi hiyo inaangukia pale pale shingoni mwa jino ulipotaka kuona mfupa. Nimeona watu wanalipa hela nyingi wanarudi na picha ya mwanga wa jua.

Tatu, ukitikisika, imeharibika. PA ni kufumba na kufumbua. CBCT ni sekunde kumi na zaidi umetulia kama sanamu.

Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 2012 ukasema wazi kwamba CBCT isitumike kama njia ya kawaida ya kutazama mfupa wa fizi. Ibaki kwa kesi chache ambazo probu na picha za kawaida zimeshindwa kujibu, na hapo iwe eneo dogo.

#7 Chuma cha Mjerumani

Mnamtisha mwenzenu na mionzi. Nimepigwa picha za meno tangu 2009, nipo.

#8 Bwana Mionzi

Hakuna anayemtisha. Ndiyo kwanza nimemwambia picha ndogo ni siku moja. Ila kazi yetu ina historia yake. Röntgen aligundua miale hii Novemba 1895. Januari 1896 Mjerumani mmoja anaitwa Otto Walkhoff akajipiga picha ya meno: akalala chini na kipande cha kioo mdomoni kimefungwa kisipate mwanga, dakika 25. Dakika ishirini na tano, mkuu! Kells, daktari wa meno wa New Orleans, alikuwa anajaribia mashine kwa mkono wake mwenyewe miaka na miaka, saratani ikamla vidole, ikaja mkono. Ndiyo maana leo hapa Tanzania huwezi kuwasha mashine ya eksirei bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu, hata iwe ya jino moja, na mimi navaa kibeji cha kupima mionzi kifuani.

#9 PwaniKusini

Assalam aleykum. Na mimi nidandie uzi. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano na gego linamsumbua. Daktari kataka picha ndogo, mama mkwe kakataa katakata. Tena kasikia hapo hawavalishi ile koti ya risasi.

#10 DaktariWaMagego

Waaleykum salaam. Ikiwa picha inahitajika ili atibiwe, apigwe. Mwale ni mwembamba, unaelekezwa kwenye shavu, hauelekezwi tumboni. Usaha uliokaa kwenye taya ni hatari zaidi kwake kuliko hiyo picha. Kuhusu koti, chama cha madaktari wa meno wa Marekani kiliacha kulipendekeza mwaka 2024, kwa sababu mashine za sasa zinabana mwale vizuri na koti wakati mwingine linaziba picha ikabidi irudiwe. Lakini kama koti lipo na mama mkwe atalala usingizi, mwambieni amvalishe. Halidhuru.

#11 Nyumba_Sita

Haya, turudi kwangu kidogo. Nikienda kesho niombe nini? Nisije nikaonekana mjuaji.

#12 DaktariWaMagego

Omba hivi: "Dokta, naomba unipime fizi kwa probu, halafu unipige PA ya gego hili na baitiwingi ya kusimama." Hakuna ujuaji hapo.

Baitiwingi ni ile unayong'ata kibawa, inachukua magego ya juu na ya chini pamoja bila kufika mwisho wa mizizi. Mwale unakuja karibu bapa kabisa, kwa hiyo kwa kuona kimo cha ukingo wa mfupa ndiyo inayosema kweli kuliko zote. Kwa kawaida kihisi kinalazwa. Mfupa ukiwa umeshuka sana, ukikilaza unaona hewa tu, ndiyo maana nimesema ya kusimama.

Ukipewa picha, tazama hivi. Tafuta shingo ya jino, pale weupe wa enameli unapokoma. Shuka. Ukingo wa mfupa ukiwa milimita 1 hadi 2 chini ya shingo, ni mzima. Tuseme mzizi wako kuanzia shingo mpaka ncha una milimita 13, na mfupa unaanza milimita 5 chini ya shingo. Tano gawa kwa kumi na tatu, asilimia 38. Kwa mpangilio wa ugonjwa wa fizi unaotumika duniani tangu 2018, chini ya 15 ni hatua ya kwanza, 15 hadi 33 ya pili, ukivuka hapo mfupa umeingia theluthi ya kati ya mzizi na wewe uko ya tatu au ya nne. Halafu chukua hiyo 38 ugawe kwa umri wako, 41. Inatoka 0.93. Ikizidi 1 maana yake mfupa unaliwa mbio kuliko umri. Wewe hapo ungekuwa mwendo wa wastani, ila sigara kumi kwa siku au sukari isiyodhibitiwa inakupandisha. Mfano tu huo, namba zako sizijui.

Tazama pia umbo. Mfupa ukishuka sawasawa kama maji yaliyopungua kwenye ndoo, huo ni wa ulalo. Ukichimbika upande mmoja wa mzizi kama shimo la panya, huo ni wa wima, na ukifika milimita 3 tunauhesabu kuwa ni mbaya. Ajabu yake, shimo la wima lenye kuta ndilo wakati mwingine linapandikizwa mfupa likakubali, kuliko ule ulioshuka kote.

Na kuna njia panda.

#13 Mshikaki Mbichi

Njia panda ya wapi tena dokta, Himo?

#14 DaktariWaMagego

Hahaha. Njia panda ya mizizi. Gego la chini lina mizizi miwili, la juu mitatu. Pale inapoachana ndipo kwenye kesi yote. Kwenye gego la kwanza la chini njia panda iko milimita tatu nne tu chini ya shingo, kwa hiyo mfupa ukishuka milimita 5 tayari umefika hapo, na mswaki wako haufiki. Tunapima kwa probu nyingine, imepinda kama ndoana. Ikiingia chini ya milimita 3 kwenda ndani, daraja la kwanza. Ikizidi hapo lakini isitokee upande wa pili, la pili. Ikitokea upande wa ulimi, la tatu, unaweza kupitisha uzi.

Kwenye PA ya gego la chini njia panda iliyoliwa inaonekana kama doa jeusi kati ya mizizi. Kwenye gego la juu mzizi wa tatu, ule wa upande wa kaakaa, unasimama katikati na kuziba mwonekano. Mara nyingine unapata kivuli kidogo cha pembetatu pembeni na basi. Magego ya juu yanayopangiwa upasuaji, hapo CBCT ya eneo dogo mimi mwenyewe naiomba. Gego la chini kama la Nyumba_Sita, ndoana inanitosha mara nyingi.

#15 MamaJunior_Tegeta

Dokta, shikamoo. Junior wangu ana miaka 16, meno meupe kabisa, hana ugaga. Lakini meno ya mbele yameanza kuachana, na gego moja linacheza. Nimempuuza nikajua ni ukuaji.

#16 DaktariWaMagego

Marahaba mama. Usipuuze, wiki hii aende. Kuna ugonjwa wa fizi unaowashika vijana na unachagua magego ya kwanza na meno ya mbele, hayo yanayoota mapema kuanzia miaka sita. Mdomo unakuwa safi, ndiyo unapotudanganya. Kwenye picha, mfupa unaliwa kama upinde kuzunguka gego, na mara nyingi kulia na kushoto vinafanana kama umekunja karatasi. Anayelaumiwa sana ni bakteria mwenye jina refu kuliko treni ya SGR, sisi tunamwita Aa. Kuna aina yake kali iliyofuatiliwa miaka mingi kwa vijana wa Morocco. Ukiwahi, unatibika kwa kusafisha chini ya fizi na dawa. Waambie wapige baitiwingi za pande zote mbili, si upande unaocheza peke yake. Na wadogo zake wapimwe.

#17 MamaJunior_Tegeta

Jamani. Kesho asubuhi tupo mlangoni.

#18 Nyumba_Sita (siku sita baadaye)

Mrejesho wakuu.

Nimekwenda kliniki ya tatu. Daktari ni binti, nikamwambia maneno ya #12 kama yalivyo, akacheka, akaniuliza nimefundishwa na nani.

Probu kwanza. Alikuwa anataja namba na nesi anaandika: tatu, tatu, saba, nne, tatu, tano. Ile saba aliitaja upande wa shavu, nikaisikia kabla hajaitaja. Halafu ndoana. Ikaingia, ikazama, ikagoma. Haikutokea upande wa ulimi. Daraja la pili.

Picha sasa. Kile kishikizi kinachokaa chini ya ulimi ni mateso, kona ya kihisi inachoma na nilitapika mate mara mbili. Akaniambia niinue mguu mmoja juu ya kiti na nihesabu vidole. Sijui uchawi gani, kichefuchefu kikaisha, picha ikapatikana.

Akaweka OPG ya zamani na PA mpya pembeni pembeni. Kwenye OPG palikuwa na weusi mkubwa kuzunguka mzizi wa nyuma, ndiyo "mfupa umeisha". Kwenye PA mfupa wa mzizi wa nyuma upo, umeshuka ila upo. Weusi halisi uko kati ya mizizi, mdogo, kama mbegu ya papai. Tatizo lipo, ila halipo pale kalamu ilipokuwa inaonyesha.

Nikamuuliza CBCT. Akasema kwa sasa haitabadilisha atakachofanya, hivyo ya nini. Alinipiga ganzi akasafisha chini ya fizi upande wote wa kushoto, saa nzima, ugaga uliotoka mweusi kama mkaa. Kanituma kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Picha na probu vyote havikufika elfu hamsini.

#19 Chuma cha Mjerumani

Kuinua mguu kunafanya kazi kweli? Mimi hiyo picha huwa nashindwa kabisa.

#20 Bwana Mionzi

Inafanya. Akili ikienda kwenye mguu inasahau koo. Wengine tunawawekea chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi.

#21 Nyumba_Sita (miezi mitatu baadaye)

Mrejesho wa mwisho nadhani. Saba imekuwa tano. Damu hakuna. Ndoana bado inaingia, ila jino halizami tena nikitafuna. Sukari ilikuja 7.4, sikuwa najua kabisa, nimeanza dawa.

Niliomba picha nyingine nione kama mfupa umerudi. Akakataa. Akasema mfupa hauendi kwa kasi yangu, tusubiri mpaka ufike mwaka, na itapigwa kwa kishikizi kile kile na pembe ile ile, vinginevyo tutakuwa tunalinganisha vivuli viwili vya saa tofauti. Nikajua huyu naye kasoma uzi.

Narudi kusafishwa kila baada ya miezi mitatu. Kanipa brashi nyembamba kama ya kusafishia chupa ya mtoto, ila ya saizi ya sisimizi, ndiyo inaingia pale njia panda.

#22 DaktariWaMagego

Saba kuja tano kwenye njia panda ni kazi nzuri. Hongera kwako na kwake. Hiyo 7.4 ishushe chini ya 7, fizi itakushukuru kabla ya figo.

#23 MamaJunior_Tegeta

Junior yalikuwa ni yale yale ya dokta, kulia na kushoto vinafanana kama alivyosema. Anaendelea na matibabu, gego limeacha kucheza. Nyumba_Sita naomba jina la huyo binti PM tafadhali.

#24 Nyumba_Sita

Dada, PM yako imejaa. Futa futa kwanza.